Madobi wa Garimoshi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku, msichana wa maneno mengi, alimsaidia mama yake kufua vitambaa vya viti vya garimoshi, pale Wazungu walipoegemeza vichwa. Alivishika kwa ncha za vidole, maana vilijaa mafuta ya nywele, makamasi, matapishi ya walevi.

"Na hawa ndio wanaosema sisi tunanuka," mama alisema huku akisugua.

Siku moja walimpeleka bibi hospitali ya mjini. Mguu wake ulikuwa umevimba kama mtungi, na mganga wa zahanati alitaka asafiri ameunyoosha. Mama akakata tiketi za daraja la pili, lenye viti virefu.

Hawajakaa vizuri, mkaguzi wa tiketi akaingia, leso puani.

"Tokeni. Huku kwa Wazungu."

"Tiketi zetu hizi hapa, bwana."

"Tiketi haibadilishi ngozi. Labda mseme nyinyi ni watumishi wa yule mama wa Kizungu pale. Watumishi hukaa sakafuni."

Chiriku alimvuta mama nguo. "Tukubali tu, mama. Bibi anyooshe mguu."

Bibi ndiye aliyejibu. "Mjukuu wangu, uongo huo ukishautia mdomoni, hautoki. Niinueni."

Walisukumwa hadi behewa la nyuma, lililojaa watu na kinyesi cha mbuzi. Bibi alisafiri juu ya furushi, mguu unaning'inia, ameuma meno.

Bibi alilazwa. Mama aliporudi aliwaita madobi wenzake. "Uchafu wao tunaufaa, viti vyao hatuvifai. Basi hafui mtu."

Wiki nzima garimoshi lilikwenda na vitambaa vilivyoganda uchafu. Nzi walipanda daraja la kwanza bila tiketi. Wazungu walipozidi kulalamika, mkuu wa stesheni alikuja mwenyewe uani kwa madobi.

"Mnataka nini?"

"Mwenye tiketi akae kwenye kiti chake."

Alifoka, akatishia kuwafukuza, mwisho akakubali. Bibi alirudi nyumbani amenyoosha mguu, na mkaguzi akapita kama hakumwona.

"Kumbe siku hizi wanatupenda," Chiriku alisema.

Mama aliguna. "Wanatupenda wapi? Wamebanwa. Sikiliza, mwanangu: haki haipatikani kwa kujidunisha wala kwa kudanganya. Huipati mpaka usimame na wenzako. Na mtu akiziba pua mbele yako, usione haya wewe. Aibu ni yake."