Tanuri Ambalo Hatukuwa Nalo

Ndugu zangu, nisikilizeni, maana jambo hili limewafika watu ninaowapenda na sitalizungushazungusha.

Kila Jumapili mchana, nyumbani kwa Neville Bloor hapa Stoke, mji wa wafinyanzi huku ughaibuni, meza ilijaa: nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito. Neville alikuwa mfinyanzi mwenye karakana yake, na mimi nilimchorea maua kwenye sahani tangu nilipoolewa nikahamia mji huu. Dada yake, Hilary, alikuja na mumewe Alun. Neville na shemeji yake huyo walitaniana kuhusu mpira mpaka Hilary awatishie kuwanyima keki. Nilipenda sana kukaa pale.

Kazi ya Alun ilikuwa kuandika. Serikali ya huku huzipa nafuu ya kodi kampuni zinazofanya utafiti, mradi zieleze kwenye ripoti ni tatizo gani zilipambana nalo, kwa nini wataalamu hawakuwa na jibu lake, na zilijaribu nini. Mafundi wengi hawajui kujieleza kwa maandishi, basi huwalipa watu kama Alun fungu la fedha za kodi zinazorudishwa. Alikuwa mhandisi zamani, na mwanzoni aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Aliingia viwandani akauliza maswali mpaka watu wakamchoka. Kisha akaonja utamu wa lile fungu, akaanza kuandika ripoti akiwa nyumbani, moja juu ya nyingine.

Jumapili moja akasema, "Shem, hicho kipako chako cha kung'arisha sahani bila madini ya risasi, si unahangaika nacho siku zote? Huo ni utafiti kabisa. Niachie nikuandikie."

"Utafiti? Mimi?" Neville akacheka. "Watafiti si wana makoti meupe, bwana?"

"Na wewe una aproni chafu. Wewe kazi yako kutia sahihi tu, mengine niachie."

Hilary akaweka uma chini. "Alun, si uende kwanza karakana ukamwone anavyofanya?"

"Mke wangu, sahani ni sahani," Alun akajibu, akajiongezea viazi.

Hebu niwaeleze alichokataa kwenda kukiona. Neville alikuwa mtafiti kweli. Kila alipobadilisha mchanganyiko wa kile kipako, sahani zilitoka tanurini zina nyufa, au kipako kimejikunja kama utando wa maziwa. Lakini marehemu baba yake alimlea akiamini kwamba mfinyanzi haonyeshi mtu chombo kilichoharibika. Basi alizivunja sahani hizo kwa nyundo kabla hatujafika kazini, akavitupa vigae shimoni nyuma ya karakana. Tulijua, tukanyamaza kwa kumheshimu. Oneni balaa hilo: yale aliyoyaonea aibu ndiyo hasa ambayo ripoti ingepaswa kuyasema!

Alun akachukua ripoti aliyowahi kuwaandikia wafinyanzi wengine, akabadilisha majina, akaleta. Neville akaitia sahihi bila kuisoma. Angemchunguzaje shemeji yake? Fedha ziliporudi akanunua tanuri jipya la umeme na kuajiri vijana wawili. Mezani Alun akasifiwa, naye akapokea sifa bila kuona haya.

Halafu akaja ofisa wa kodi, Bi Pritchard, mama mpole aliyetuamkia sote.

"Bwana Bloor," akasema, "ripoti yako inaeleza kwamba shida ilitokana na moshi wa tanuri la gesi. Naomba kuliona."

Neville akatugeukia kana kwamba sisi tumelificha. "Gesi? Hatujawahi kuwa na tanuri la gesi hapa, mama. Yote ni ya umeme."

Nilitamani angenyamaza, lakini Neville hajui kusema uongo. Akampeleka kwenye lile shimo la vigae, aone majaribio yenyewe. Bi Pritchard akainama, akaokota vigae, akavigeuzageuza.

"Haya ndiyo tuliyotaka kuyasoma," akasema. "Mbona hukuyaandika?"

"Niliona aibu."

"Una maandishi yoyote? Ulibadilisha nini, lini?"

"Yote yapo kichwani, mama."

Akavirudisha chini taratibu. "Umeshatia sahihi maelezo yasiyo ya kweli. Haya mengine nitayathibitishaje?"

 Neville akatakiwa kurudisha fedha zote pamoja na faini, na karakana haikuweza kuubeba mzigo huo. Matanuri yakauzwa, nasi tukaachishwa kazi. Alisimama mlangoni akamwomba radhi kila mmoja wetu, hata wale vijana wawili, kana kwamba yeye peke yake ndiye mkosaji. Nililia, na sikujificha.

Alun akatokea siku hiyohiyo, uso umemshuka. "Shem, tukate rufaa. Nitaandika upya, safari hii nitaweka kila kitu..."

"Usiandike tena." Neville hakupandisha sauti, na afadhali angepiga kelele. "Kila Jumapili ulikaa mezani kwangu, Alun. Ungeniuliza tu ni kitu gani kilichonishinda. Ningekueleza chote. Nilikuwa natamani mtu aniulize."

Alun akarudi alikotoka.

Leo Neville anapanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa. Kipako kile kilikuwa kimebakiza kidogo tu kufaulu, na hakuna aliyekiendeleza. Hilary humpikia kaka yake, kisha hurudi kwa mume ambaye hana tena la kuzungumza naye. Nyumba mbili zimepoa, na hakuna aliyekufa.

MAFUNZO

Wewe unayelipwa kuandika kazi ya mwenzako, nenda ukaione kwa macho yako. Ukiazima maneno ya mtu mwingine ukamvika yeye, umemnyang'anya hata ule ukweli ambao ungemwokoa. Nawe fundi, usitie sahihi jambo usilolisoma, hata likiandikwa na shemeji yako. Usiyaonee aibu yaliyokushinda, yaandike, maana humo ndimo lilimo jasho lako. Na sisi sote tunaokula pamoja kila wiki, tuulizane. Neville alikaa na watu waliompenda, nami nikiwemo, na wa kwanza kumuuliza kuhusu kazi ya maisha yake akawa mgeni aliyetumwa kumkagua.