Kipimo cha Mzee Muhamadi

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, Mudathiru aliingia kwenye chumba cha ushonaji cha dada yake, kanzu ikining'inia begani.

"Dada, inaburuta tena. Kata kidogo tu, kesho ni Ijumaa."

Yasmina aliondoa mguu kwenye cherehani. Kanzu hiyo aliishona mwenyewe, na tangu Idi alikwisha kuipunguza mara moja.

"Kitambaa hairefukake, ndogo yangu."

"Basi ni mi nazeeka. Na we utafika tu!"

Alicheka peke yake. Yasmina alifungua daftari la vipimo. Mwezi wa pili, bega hadi kifundo cha mguu: mia moja hamsini. Mwezi wa nne: mia moja arobaini na sita. Alimpima tena, polepole, kisha akarudia. Mia moja thelathini na tisa.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana. Sisikii kitu."

Hakuandika namba hiyo.

Majengo ni mtaa wa cherehani na mizigo. Babu yao alifika hapo na robota la vitambaa kichwani, akajenga chumba kimoja cha udongo, kisha ua. Majirani wakaegemeza kuta zao kwenye ukuta wake, hadi mtaa mzima ukawa kama nyumba moja yenye milango mingi. Waislamu na Wakristo huchota maji kwenye bomba moja. Nusu ya kila ukoo iko Goma, baada ya mpaka, mwendo wa miguu tu. Lakini aliyezaliwa Majengo, hata akifia ng'ambo, huletwa kuzikwa upande huu. Yasmina alijua nani alizaliwa chumba kipi na nani alihama mwaka gani. Desturi hiyo ilianza lini, hakujua.

Mwezi wa kwanza, baba yao mdogo, Mzee Muhamadi, alifariki Goma. Waliomwosha walimpima kwa kamba, utosi hadi kisigino, na muuza mikate akaivusha mpakani ili kaburi lichimbwe mapema. Likachimbwa. Alasiri hiyo mpaka ukafungwa. Muhamadi akazikwa hukohuko. Shimo likabaki wazi.

Jirani yao mzee, Verediane, alikuja uani na rozari mkononi.

"Kaburi haifungwake tupu. Mukate mugomba urefu ya kamba, muzike. Sisi ni vile tunafanyaka."

"Mama Verediane, mi nizike ndizi? Musikitini watanicheka mpaka Kigali!"

Mudathiru alichukua sepetu, akaenda akalijaza udongo mtupu, akarudi kula.

Sasa Yasmina alitoa ile kamba kwenye kopo la vifungo, akamsimamisha mdogo wake ukutani. Muhamadi alikuwa mtu mfupi. Kamba iliishia katikati ya paji la uso la Mudathiru. Zilibaki sentimita tisa.

"Zikiisha?" Mudathiru alinong'ona.

Yasmina aliikunja kamba. Zikiisha, shimo lingemtosha.

Ijumaa, baada ya swala, walikwenda makaburini na Rwema, mchimbaji. Yasmina alikuwa amekata mgomba kwa kamba ileile, bila kuzidisha wala kupunguza. Mudathiru alisimama mbali. Udongo ulikuwa laini. Ulitoka upesi. Ulikuwa na joto.

Rwema alifika chini. Akaacha kuchimba.

"Mama, hii haiko shimo yangu."

"Ni yako."

"Mi nilichimba urefu ya kamba. Angalia."

Waliulaza mgomba. Upande wa miguuni palibaki nafasi. Yasmina alishuka na tepu yake ya kushonea. Sentimita kumi na moja. Ndizo zilizopungua kwenye kanzu.

Mwishoni mwa nafasi hiyo, udongo haukuwa na alama ya jembe. Ulikuwa na nyayo mbili. Zimebanana. Vidole juu. Kama za mtu aliyelala chali akajinyoosha.

"Tutafute mugomba ingine?" Rwema alinong'ona.

Njiani watu walikuwa wakipita kutoka msikitini. Wawili walikwisha kusimama, wanatazama. Mmoja alianza kutabasamu.

"Jaza," Yasmina alisema.

Tangu siku hiyo Mudathiru hajapungua tena. Kila mwezi dada yake humpima: mia moja thelathini na tisa. Anakula. Anaendesha pikipiki yake ya abiria. Anatania watu bombani. Ila hulala amekunja magoti hadi kifuani, na Yasmina alipomuuliza sababu, alijibu kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Nikinyoosha miguu, inagusa udongo."

Yasmina humfulia shuka kila Jumamosi, kwa maji baridi ya bomba. Upande wa kichwani maji hutoka safi. Upande wa miguuni hutoka meusi, na chini ya beseni hubaki udongo kiasi cha kujaza kiganja. Huumwaga nyuma ya ua, haambii mtu. Huwa bado una joto.