Barua Niliyoisoma Vibaya

Kila Ijumaa baada ya masomo nilipitia kwa mwalimu mkuu kuuliza kama kuna barua, kisha nikapanda kilima cha Manga mbio mbio. Ilinibidi niteke maji na kukusanya kuni kabla jua halijatua, maana kwetu Sabato ikishaingia hakuna kazi. Mimi, Kemuma wa darasa la sita, ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba nzima. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na mama hakuwahi kuketi darasani. Nyanya naye, hata kama angejua kusoma, macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Barua zilitoka kwa mtu mmoja tu, Baba Mdogo Ombati, kitindamimba wa nyanya. Alikwenda Amerika kusoma mwaka wa 1961, na miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita bila kurudi. Kila Ijumaa nyanya aliikandika esaiga yake, kile kijumba anacholala kijana wa Kigusii kabla hajaoa, kwa udongo na samadi.

"Mwenyewe asije akakuta nyufa," alisema.

Mama alipenda kumtania kwamba esaiga ile ilitunzwa kuliko nyumba tuliyolala sisi.

Mwezi wa Juni 1972, barua ilifika. Niliifungua njiani, jambo nililokatazwa. Iliandikwa hivi:

"Mama, nilikuahidi Desemba, lakini siji. Kazi haijaisha. Jua hutoa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino. Hupita milimani, majumbani, hata mwilini mwako, bila kugusa kitu. Ili kuzinasa, tumeweka tangi kubwa kama kanisa letu chini kabisa ya mgodi wa dhahabu, tukalijaza dawa ya kusafishia nguo. Mwamba ulio juu yetu huzuia chembe nyingine zisituvuruge. Mara chache sana nyutrino hugonga klorini iliyomo ndani ya dawa na kuigeuza kuwa gesi ya agoni. Gesi hiyo ndiyo tunayoikusanya na kuihesabu. Wataalamu walikadiria kiasi tutakachopata, lakini sisi tunapata theluthi tu. Wengine wanatucheka kwamba hatujui kuhesabu. Hata hivyo hatuwezi kuongeza, Mama. Tunaandika tulichokiona. Lazima turudie, labda miaka miwili zaidi."

Nilipofika, nyanya alikuwa amepiga magoti mlangoni pa esaiga, mikono imejaa samadi hadi viwikoni. Hakuningoja hata niketi.

"Anakuja?"

Nilimtazama usoni, moyo ukaniuma. "Anakuja, Nyanya. Desemba."

Kisha nikamsomea habari za mgodi na tangi, neno kwa neno, nikaruka tu pale palipouma. Nyanya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimetenda wema.

Mwezi wa Agosti, Persis, muuguzi wa zahanati ya Birongo, alitutembelea. Madaktari wa macho wangekuwa mjini Kisii juma lililofuata.

"Mama, hiyo ni presha ya jicho," alimwambia nyanya. "Ikishakula mwanga wa jicho, haitapiki. Twende."

"Wanikate, nife bila kumwona Ombati? Hapana. Desemba atanishika mkono, twende naye."

"Desemba ni mbali, Mama."

"Nimengoja miaka kumi na mmoja. Miezi minne itanishinda?"

Nilikuwa hapo hapo nikimenya ndizi. Sentensi moja tu ingetosha. Niliendelea kumenya. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilikuwa ya miezi sita, na kila siku iliyopita ilimwibia nyanya mwanga.

Desemba ilifika, na baba alirudi likizo. Alasiri moja nyanya alitaka kutoka ndani ya esaiga. Alipapasa akitafuta mlango, akagonga paji la uso kwenye ukuta alioukandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Kemuma, mbona giza limeingia mapema leo?"

Ilikuwa saa tisa mchana. Nilianguka miguuni pake.

"Nyanya, haji! Barua ilisema haji. Nilikudanganya!"

Baba aliinua mkono anipige. Nyanya alimsikia akija, akamzuia.

"Mwache. Lete barua, Kemuma. Isome vile ilivyoandikwa."

Nilisoma kwa kwikwi. Nilipolitamka lile neno "siji", nyanya alifumba macho. Sijawahi kuona uso uliovunjika kama ule, na ni mimi niliyeuvunja.

Januari baba alimpeleka hospitalini. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto walilipasua, wakaokoa mwanga uliobaki. "Kama angeletwa mapema..." daktari alisema. Tangu siku hiyo nilimtia nyanya dawa ya matone asubuhi na jioni, miaka yote aliyoishi.

Baba Mdogo alirudi mwaka wa 1974. Nyanya alimshika mabega, akamsogeza polepole.

"Simama upande huu, mwanangu. Huko sikuoni."

Baba Mdogo alilia kama mtoto. Alituambia kwamba tangi lilikuwa bado linatoa theluthi ile ile, na bado walikuwa wakichekwa. Miaka mingi baadaye ilithibitishwa kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na tangi lile lilinasa aina moja tu. Theluthi yao ilikuwa kweli tupu.

Jioni ile nilimwomba nyanya msamaha tena.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Lakini shika neno hili. Ukweli ungeniliza jioni moja, na Agosti ningekwenda kwa daktari. Ombati aliona theluthi, akaandika theluthi, ijapokuwa alichekwa. Wewe nawe, mtu akikuuliza, mwambie ulichokiona, hata kikiwa kichungu. Usimwonee mtu huruma kwa uongo."

Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani.

"Nisogezee uji wangu. Nadhani umeuweka upande wa kulia."