Harusi Iliyofika Mapema

Kila siku akirudi shule, Flavia alikuwa anakula viazi vyake harakaharaka, ananawa mikono, halafu huyoo, mbio mkekani uani. Pale Ntalikwa, kwa bibi yake Mektilda, akina mama wa jirani walikuwa wameshakaa kuzunguka karanga, wanamenya za mbegu. Za mbegu, wajukuu zangu, hazipelekwi mashineni, zinavunjika. Zinamenywa kwa vidole, moja moja, na vidole vinauma kwelikweli. Ila mwaka huo hakuna aliyelalamikia vidole, kwa sababu Flavia alikuwa anawasomea kitabu.

Kitabu chenyewe kikuukuu, kimetoka sokoni Ng'ambo, kule mjini, hata jalada hakina. Kinamhusu Gerson, fundi baiskeli, na Yustina, dada anayeuza maziwa. Wanapendana, kila mtu anaona, isipokuwa wao wenyewe. Kila asubuhi Yustina analeta baiskeli, mnyororo umetoka. Gerson anaurudisha. "Mwangaluka." "Mwangaluka." Salamu tu, basi! Dada wa watu anaondoka.

"Hivi huyu Gerson ana mdomo kweli?" Advera, yule jirani mwenye maneno mengi, alikuwa anafoka mpaka maganda yanamruka. "Sema neno, baba!"

"Mwache," Mama Ngollo, jirani mwenzake, anamjibu. "Leo kamwangalia mara mbili. Kesho atasema."

Na kesho wote wanakuja tena, wala hawajaitwa.

Sasa Flavia naye alitaka sana kujua mwisho. Siku moja akashindwa kuvumilia, akafungua mwisho wa kitabu, akakuta harusi. Lo! Alipofika mkekani akaruka kurasa nyingi tu, akaisoma ile harusi kwa sauti kubwa, ngoma na pilau.

Advera akaacha kumenya. "Kha! Wameoana? Kamwambia lini?"

"Ndiyo hivyo," Flavia akasema, macho chini. "Kitabu kimeisha."

"Haya, hongera zao," akasema Mama Ngollo, akakung'uta khanga yake.

Kesho yake mkekani alikuwepo Bibi peke yake. Mama Ngollo ana karanga zake, Advera ana nguo za kufua. Magunia bado yamejaa, na mawingu meusi yameshaanza kujikusanya. Mvua ikinyesha hawana mbegu, watapanda nini? Vidole vyake vilivyopinda kwa uzee vilihangaika na karanga, moja anaipata, nyingine inadondoka. Flavia alimenya mpaka kidole gumba kikavimba, lundo likabaki lilelile.

"Bibi," akasema, "niliruka. Nilitaka wafike harusini. Halafu nikadanganya kwamba kimeisha."

Bibi akamtazama sana. "Nenda kawaambie wenyewe."

Akaenda kwa Mama Ngollo.

"Shikamoo, Mama Ngollo."

"Marahaba, mwanangu. Vipi tena?"

"Kitabu hakijaisha. Niliruka katikati, nikawadanganya. Naomba mnisamehe."

Mama Ngollo akashika kiuno. "Ndiyo maana! Mtu salamu tu inamtoa jasho, ataoaje ghafla? Advera! Advera wee! Katoto kaliruka!"

Jua halijazama, uani pamejaa. Flavia akasoma polepole, hakuruka hata neno. Wakafika pale Gerson anapogundua kwamba ule mnyororo hautoki wenyewe. Yustina anautoa kila asubuhi, kwa mkono wake! Gerson hakumwambia kitu. Alifuta mafuta mikononi, akaurudisha taratibu kuliko siku zote, ili dada akae kidogo.

Wee! Uani palilipuka. Mama Ngollo akapiga vigelegele.

"Anajua, na hasemi!"

"Na mwenzake hajui kwamba anajua!" Advera akarusha maganda juu. "Soma, mtoto, soma!"

Karanga zilimenywa siku hizo! Mvua ya kwanza ilikuta karanga zote za Bibi zimeshamenywa.

Bibi akamvuta Flavia karibu. "Umeona, mjukuu wangu? Harusi uliwapa, wakaondoka. Sasa harusi wanaijua, na bado hawataki kuinuka, kwa sababu ya mnyororo tu. Utamu wa hadithi uko kwenye kungoja. Na mtu akikuamini akakupa sikio lake, usimpunje. Ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema."

Mama Ngollo alikuwa anakunja mkeka. "Kesho tunamenya kwangu," akasema. "Na wewe Flavia, ole wako ufike harusini karanga zangu hazijaisha!"