Siku Fundi Cherehani Alipopimwa

Asubuhi hiyo fundi cherehani alishona mfuko wa suruali magotini. Akaufumua. Akaushona tena, upande uleule! Mawazo yake yalikuwa kliniki. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano, na ile ya kwanza ilitoka kabla ya wakati. Mtoto yule hakulia hata mara moja. Leo alikuwa anakwenda kupimwa shingo ya kizazi, yaani ule mlango unaomzuia mtoto asitoke mapema.

"Kunywa maji, mwanangu," mama mkwe wake alihimiza, akamjazia kikombe kingine. "Mimi kwenye altrasaundi waliniambia kibofu kijae."

"Mama, nitapasuka!"

"Hujapasuka bado. Kunywa!"

Kliniki, mkunga aliwapokea kwa bashasha.

"Kipimo hiki hupitia ukeni," alieleza. "Kifaa ni chembamba na kimefunikwa. Hakimgusi mtoto. Lakini mbona umebana miguu hivyo, dada?"

"Nimekunywa jagi zima."

"Nani kakutuma?"

Fundi alimtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dari.

Mkunga alicheka. "Mama, altrasaundi ya juu ya tumbo huweza kutaka maji. Hii ya ndani haitaki. Kibofu kikijaa huikandamiza shingo ya kizazi, ikaonekana ndefu kuliko ilivyo. Tungesema mambo ni shwari, kumbe sivyo."

"Alaa!" fundi aliruka. "Ni sawa na kumpima mteja kiuno juu ya koti!"

"Hapo hapo! Haya, kavue koti chooni."

Aliporudi, alipimwa. Mkunga aliangalia skrini kwa makini, akarudia kupima.

"Milimita ishirini na mbili. Kwa umri huu wa mimba, chini ya ishirini na tano ni fupi."

Fundi alishika tumbo. "Basi na huyu ndiyo anaondoka?"

"Nani kasema? Tumewahi! Shingo fupi haina dalili. Bila kupima tusingejua. Twende kwa daktari."

Daktari alimpa dawa ya kuweka ukeni kila usiku. "Haizuii kila kitu," alisema, "lakini inapunguza hatari. Rudi tukupime tena. Ukiona damu, maji yakivuja au tumbo likikaza, usingoje kesho. Njoo."

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa kengele ya nyumba. "Mkwe! Dawa!" alipaza sauti kila usiku, mpaka jirani akagonga ukuta: "Keshasikia, mama! Hata sisi tumesikia!"

Mwezi wa saba wa mimba ukapita. Wa nane nao ukapita. Katika wa tisa, mtoto wa kike akazaliwa, mnene, akalia kama anayedai haki yake.

"Analia!" mama mkwe alipiga kelele nje ya mlango. "Jamani, sikieni, analia!"

"Tumbembeleze anyamaze?" mkunga aliuliza.

"Mwache kwanza," fundi alisema, machozi yakimtiririka. "Mwache alie mpaka achoke."