Ndimu Alizonyimwa Godhana

Mwaka wa 1956, mpunga wa kijiji cha Kulesa, kando ya mto, ulipoanza kuiva, Mumina alishinda juu ya ulingo shambani, akiwafukuza ndege kwa kombeo. Mwanasha, mama yake, alimpelekea maji. Akayakuta ya jana hayajaguswa.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Nikinywa nitashuka kukojoa, mama. Nikishuka, ndege watakula wali wako, nawe itabidi ule ndege."

Mwanasha hakucheka. Tangu amzike mumewe, Godhana, mwaka uliopita, kicheko kilikuwa kimemhama. Mumina ndiye mtoto wake wa pekee.

Siku ya tatu Mumina alishuka akijishika ubavu, akaanguka kwenye matope. Alitapika. Mkojo wake ulikuwa na damu. Mwanasha akamwinua kutoka matopeni. Godhana naye alianza hivyo hivyo.

"Na huyu pia?" alisema. "Basi Mungu anichukue mimi."

Walipanda mtumbwi mpaka Garsen. Kwenye zahanati, mhudumu mpya wa tiba, dresa Halake, alichovya kikaratasi cha buluu kwenye mkojo wa Mumina. Kikawa chekundu.

"Mkojo huu ni mchachu sana," alisema, "tena mzito. Ana jiwe, nalo linashuka kutoka kwenye figo. Tutajaribu dawa. Akipata homa, au mkojo ukikatika, mlete mbio apelekwe hospitali."

"Naelewa, bwana dresa. Na ndimu hataziona. Hata baba yake nilimkataza."

Halake akaiweka chupa ya dawa mezani. "Ulimkataza ndimu? Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliambiwa tu mkojo wake ni mchachu. Na ndimu je, si chachu? Nikazitupa zote mtoni. Aliniomba tone moja tu la kutia kwenye kambale. Nikamwambia, 'Hapana, nataka uishi.'"

Halake aliisogeza chupa karibu naye.

"Mama, ndimu ni chachu ulimini. Lakini ndani yake mna kitu kiitwacho sitreti. Mwili ukishaitumia, uchachu wa mkojo hupungua. Tena sitreti hushika chokaa iliyo kwenye mkojo, isigandamane ikawa jiwe. Hata dawa hii ya chupa ni sitreti. Lakini bila maji mengi haitoshi. Anywe mpaka mkojo uwe mweupe."

"Kwa hiyo nilimuua mimi."

"Sijasema hivyo. Jiwe likishakuwa kubwa, ndimu haiwezi kuliondoa. Labda angekufa tu."

"Labda," alisema Mwanasha.

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Alilala nalo, akaamka nalo.

Lakini aliamka. Kila asubuhi na kila alasiri alikamulia ndimu kwenye kibuyu cha maji yaliyochemshwa, akasimama chini ya ulingo mpaka Mumina amalize. Mumina alipobanwa na mkojo, alishuka, na mama yake akapanda kushika kombeo. Ndege walikula sehemu yao. Siku ya nne jiwe likatoka, dogo kama punje ya mtama. Mpaka mavuno yanakwisha, maumivu hayakurudi, na kikaratasi cha Halake hakikuwa chekundu kama mwanzo.

Majirani walisema, "Hongera, mama Mumina, umemponya mtoto." Alijibu asante, akainamia kinu chake.

Siku moja Qabale, mwanamke wa Kiorma aliyeuza maziwa kijijini, alitua kibuyu chake mlangoni.

"Mama Mumina, mume wangu Dida anaumwa ubavu. Mkojo damu. Watu wanasema mumeo aliugua hivi hivi. Wewe ulimpa nini?"

Mwanasha aliuacha mchi kinuni. Angeweza kusema hajui.

"Nilimnyima," alisema. "Kwanza mpeleke kwa dresa, leo hii. Lakini keti kidogo, dada. Keti nikuambie nilimnyima nini."