Usimwambie Karibu Tena

Nani kacheka? Wewe hapo, mwenye kamasi! Ati nguva hayupo? Bahari yote umeikagua lini, nawe hata kuoga unakimbia? Funga domo. Fungua masikio.

Siwema alikaa na shangazi yake, Mize, kando ya mikoko. Shangazi Mize aliuguza wanyama wa baharini. Leo kasa, kesho pomboo.

Asubuhi moja wavuvi walimletea mtoto wa nguva. Mnene kama gunia, pua kama kiatu. Jarife, ule wavu wa papa, lilikuwa limemkata mgongo.

Mama yake, jarife lilimuua.

Wakamtia katika bwawa la maji ya chumvi.

Puuu! akapumua.
Fwii, fwii! akamwita mama.
Mama haji.

"Tumwambie mama yake kaenda sokoni," alisema Siwema.

"Simdanganyi mtu mimi," alisema Shangazi. "Shika chupa, mpe maziwa."

Siwema akampa maziwa. Akampaka dawa. Akamng'olea majani ya bahari, laini, mabichi. Nyam, nyam, nyam!

Lakini kila jua likizama,
Puuu! akapumua.
Fwii, fwii! akamwita mama.
Mama haji.

Siku zikapita, miezi ikapita. Kidonda kikapona.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Shangazi. "Huyu ana mwezi wa nane."

"Hana mikono, Shangazi. Jembe atalishika na nini?"

"Basi aende kwao."

Kwao ni kule kwenye fungu la mchanga. Nguva wenzake hula majani huko.

Wakafungua lango la bwawa. Nguva akatoka, taratibu. Siwema, mtoto mwenye adabu zake, akapunga mkono. "Karibu tena!"

Kulipokucha, puuu! Nani yuko langoni? Nguva.

Wakamtoa tena. Siwema akapunga mkono. "Karibu tena!"

Akarudi tena. Safari hii mkia unavuja damu. Boti ya mashine ilimpitia.

Shangazi akafoka. "Nani anamwita huyu?"

"Mimi," alisema Siwema. "Mgeni akiondoka tunamwambia karibu tena. Ulinifunza wewe."

Shangazi akakaa chini, kwenye tope lote lile.

"Kweli nilikufunza. Kwa watu ni adabu. Kwa huyu ni kifo. Akituzoea, boti zitammaliza."

"Nisipomwambia, atadhani simpendi."

"Mwache adhani."

Mkia ukapona. Wakafungua lango mara ya tatu.

Siwema akatia pindo la kanga mdomoni. Akaling'ata, ng'a!

Nguva akatoka. Akageuka. Akamtazama.

Fwii?

Siwema kimya.

Fwii?

Siwema kimya. Machozi yakamtoka, tiriri, tiriri. Yakaanguka baharini, chumvi juu ya chumvi.

Puuu! Nguva akapumua. Akazama. Akaenda zake.

Fwii, fwii! akaita, mbali, kule funguni.

Na kule funguni sauti nyingine, nene, ikamjibu: Fwoooo!

Hakuwa mama yake. Mama yake alikufa, nimeshasema. Lakini alijibiwa.

Kulipokucha, bwawa tupu. Kesho yake, tupu. Siwema akalia mpaka kwikwi. Kisha akanywa uji wake, bakuli zima.

Usiku alijifunika shuka. Akabana uso kwenye mto, bahari isimsikie.

"Karibu tena," alisema. Polepole. Mara moja tu.

Akalala.

Basi. Nawe lala. Usinikodolee macho, mimi natoka.

Ila mimi si nguva. Mimi unaweza kuniambia.

Sema.

Sijasikia.

Haya, nimesikia.

Kriii... Pa! Mlango huo, nimeufunga.